Kichomi cha Mkimbiaji Mdogo Huanzia Kwenye Kikombe

Kiswahili kina neno moja, kichomi, kwa maumivu mawili yasiyo na undugu. Bibi akisema mjukuu wake ana kichomi, mara nyingi anamaanisha nimonia: homa, kikohozi, na kifua kinachochoma kila mtoto akivuta pumzi. Mwanafunzi anayekimbia mita 1500 akisema ana kichomi, anazungumzia kitu kingine kabisa: maumivu chini ya mbavu, upande mmoja, yaliyomkuta akiwa mzima na yatakayomwacha dakika chache baada ya kusimama. Makala hii inahusu hicho cha pili. Kile cha kwanza tutakirudia mwishoni, kwa sababu mwalimu wa michezo asiyeweza kuvitofautisha anaweza kumkimbiza mgonjwa.

Kichomi cha mbio kina sura yake. Ukimuuliza mtoto kinauma wapi, hapapasi tumbo zima kwa kiganja. Anaonyesha kwa kidole. Mara nyingi ni pale mbavu zinapoishia, na kulia kuliko kushoto. Kikiwa kikali kinachoma kama sindano, kikiwa hafifu kinabana au kuvuta. Baadhi ya watoto huongeza jambo ambalo wakubwa hulipuuza: wanasema bega nalo linauma, pale juu kwenye ncha, upande uleule. Usilipuuze. Bega hilo ndilo linalotuonyesha maumivu yanatoka wapi.

Mwaka 2000 watafiti wawili wa Australia, Darren Morton na Robin Callister, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanamichezo 965 wa michezo sita kama walipata kichomi katika mwaka uliopita. Wakimbiaji waliojibu ndiyo walikuwa asilimia 69. Waogeleaji walikuwa asilimia 75, wapanda farasi 62, wacheza mpira wa kikapu 47, waendesha baiskeli 32. Jinsia haikuleta tofauti, wala unene. Umri ulileta: kadiri mtu alivyokuwa mdogo, ndivyo kichomi kilivyompata zaidi.

Kwa hiyo mtoto wa darasa la sita anayeshika ubavu kwenye mzunguko wa tatu si mvivu wala hadanganyi. Yuko katika kundi linaloumizwa zaidi na jambo hili. Kocha anayempigia kelele "acha kudeka" au kumwongezea mizunguko kama adhabu anamfundisha kitu kimoja tu, nacho ni kuficha maumivu. Mtoto aliyezoea kuficha kichomi ataficha na maumivu ya hatari.

Ubavu unachomwa na nini

Ukiuliza pembeni mwa uwanja utapewa majibu matatu: pumzi, bandama, na ini linaloning'inia. Yote yamewahi kusemwa na wataalamu pia. Ila ukiyapima kwa ile orodha ya michezo sita, yanapwaya.

Jibu la pumzi linasema kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinakosa damu ya kutosha mtu anapohema sana, kisha kinakaza kama mkazo wa mguu. Linaingia akilini. Lakini mpanda farasi hahemi kama mkimbiaji, na bado wapanda farasi asilimia 62 walikuwa wamekipata. Tena Morton na Callister walipopima nguvu ya upumuaji ya watu wakiwa na kichomi, hawakukuta imepungua. Msuli uliokaza usingefanya kazi yake kama kawaida.

Jibu la ini linasema kila hatua inapogonga chini, ini na mfuko wa chakula vinaruka na kuzivuta kano zinazovishikilia kwenye kiwambo. Nalo linafaa kwa mkimbiaji. Lakini mwogeleaji hagongi chini hata mara moja, na ndiye aliyeongoza orodha.

Bandama iko kushoto. Kichomi huja zaidi kulia. Hapo hapahitaji maneno mengi.

Maelezo yanayobeba mambo mengi zaidi kwa pamoja ni ya utando. Ukuta wa tumbo umepakwa kwa ndani utando mwembamba, na viungo vya tumboni navyo vimevikwa utando. Katikati ya tando hizi mbili kuna majimaji kidogo ya kulainisha, ili viungo viteleze bila kukwaruza. Utando wa ukutani una neva nyingi na huhisi maumivu kwa usahihi mkubwa. Ndiyo maana mtoto anaonyesha kwa kidole kimoja. Sehemu yake ya juu, inayogusana na kiwambo, hupata neva inayotoka shingoni, na maumivu yanayopita kwenye neva hiyo husikika begani. Hilo ndilo bega tulilosema usilipuuze.

Sasa jaza mfuko wa chakula. Unavimba na kusukuma viungo vingine viubane utando dhidi ya ukuta. Kisha zungusha kiwiliwili kushoto na kulia, mara 160 au 170 kwa dakika, kama mkimbiaji anavyofanya, au kama mwogeleaji anavyojipinda kila anapovuta mkono. Tando zinasuguana. Mwendesha baiskeli ameinama na kiwiliwili chake kimetulia, na ndiye aliyekuwa chini kabisa kwenye orodha. Utafiti haujaufunga mjadala huu, lakini kwa mtu anayewafundisha watoto maelezo haya yana faida moja kubwa: yanaonyesha mahali pa kushika. Mwendo wa kiwiliwili hatuwezi kuuondoa, maana huko ndiko kukimbia kwenyewe. Kilichomo tumboni tunaweza kukipanga.

Kikombe

Adui mkubwa wa ubavu wa mkimbiaji wa shule katika sehemu zetu ni glukosi. Mandazi na maharage yana makosa yao, nitayafikia, lakini glukosi inaingizwa tumboni kwa nia njema, na watu wazima, dakika kumi kabla ya mbio. Pakiti inafunguliwa, kila mtoto anamiminiwa kiganjani, analamba, anashushia mafunda mawili ya maji. Wanaambiwa ni nguvu.

Angalia kinachotokea ndani. Kinywaji kikiwa na sukari nyingi kuliko majimaji ya mwili, mfuko wa chakula hukiachilia polepole, na kikifika kwenye utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu yaingie utumboni kabla hakijafyonzwa. Tumbo linabaki limejaa kwa muda mrefu zaidi, na maji yanahamia mahali pasipotakiwa wakati misuli inayahitaji. Mwaka 2004 Morton na wenzake waliwakimbiza watu wanaosumbuliwa na kichomi baada ya kuwapa vinywaji tofauti. Juisi ya matunda, yenye sukari zaidi ya gramu 10 kwa kila mililita 100, iliwaletea kichomi kikali kuliko vingine vyote, kikiwemo kinywaji cha michezo chenye takriban gramu 6.

Shika namba hiyo: gramu 6 kwa mililita 100. Chini ya hapo kinywaji huondoka tumboni upesi karibu kama maji. Ukivuka 8, kinaanza kukaa. Soda ya kola ina kati ya 10 na 11. Juisi nyingi za pakiti ziko hapohapo au juu zaidi. Maji ya miwa yanazidi soda. Kijiko cha chakula cha glukosi kilichojaa kwa kilima hubeba takriban gramu 15. Weka vijiko viwili kwenye kikombe cha mililita 250 na umetengeneza kinywaji cha gramu 12 kwa 100. Ile ya kulamba kavu na mafunda mawili ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haikuchanganywa kabisa: tumbo lenyewe ndilo linalolazimika kutafuta maji ya kuizimulia.

Kama ni lazima mtoto apewe, basi kijiko kimoja kilichojaa kwa kikombe cha mililita 250, kikorogwe mpaka kiyeyuke, kinywewe kwa mafunda madogo. Lakini ukweli ni kwamba mtoto wa mita 800, 1500 au 3000 aliyekula asubuhi hana upungufu wa sukari. Akiba iliyomo kwenye misuli na ini lake inatosha mbio za zaidi ya saa moja. Glukosi kabla ya mita 1500 haimwongezei chochote, inamwongezea kichomi.

Madafu ni afadhali, kwa kuwa sukari yake ni chini ya ile 6, ila dafu zima ni kubwa. Robo tatu yake ingoje baada ya mbio.

Maji nayo yana namna. Kwenye joto la Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, mtoto aliyekaa juani tangu asubuhi husikia kiu, anapewa chupa ya nusu lita dakika tano kabla ya kuitwa, anaimaliza yote. Nusu lita tumboni ni mzigo uleule tuliousema, hata kama haina sukari. Wapo makocha wanaotibu hili kwa kukataza maji kabisa. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza: kichomi kinapita, mtoto aliyezimia kwa joto ni jambo lingine. Suala ni kipimo na muda. Mililita 300 hadi 400 ziingie saa mbili kabla ya mbio, zipate muda wa kufyonzwa na ziada kutoka kwa haja ndogo. Baada ya hapo mafunda, jumla nusu kikombe kila dakika ishirini. Mwisho ni mafunda mawili kabla ya kwenda mstarini, ya kulowesha mdomo.

Sahani

Chakula kigumu kinataka saa mbili hadi tatu kutoka tumboni, na mafuta huyarefusha masaa hayo. Chapati mbili na chai ya maziwa si chakula kibaya. Ni chakula kinachohitaji saa tatu na nusu. Mandazi ni hivyohivyo. Maharage yana nyuzinyuzi na gesi, na tumbo lenye gesi ni tumbo lililovimba. Uji wa lishe wenye karanga na maziwa unashibisha kuliko unavyoonekana, kwa kuwa watu huuhesabu kama kinywaji.

Chukua siku ya mashindano. Mbio zimepangwa saa nne asubuhi. Mtoto ale saa moja, au mapema zaidi kama anaweza kuamka: vipande viwili vya mkate mkavu au viazi vitamu viwili vya wastani vilivyochemshwa, ndizi mbivu moja, chai ya rangi yenye kijiko kimoja cha sukari. Uji mwepesi kikombe kimoja pia unafaa badala ya mkate. Saa mbili anywe maji yake. Kuanzia saa tatu kasoro mdomo ni wa mafunda tu.

Kwenye UMITASHUMTA au UMISSETA, yale mashindano ya shule za msingi na sekondari Tanzania, au mashindano ya shule ya Kenya, ratiba huteleza, na hapo ndipo mipango mizuri inapoharibika. Mbio za saa nne zinasogea hadi saa nane. Chakula cha mchana, wali na maharage, kinafika saa saba. Mtoto ana njaa kweli, na sahani ni kubwa. Usimnyime, mpimie. Ale wali vijiko sita au saba vya chakula bila maharage, na mengine yafungwe kwenye hotipoti mpaka amalize mbio. Mwalimu anayebeba mkate na ndizi zake kwenye begi anawaokoa wanafunzi wake na ratiba za watu wengine. Ndizi moja kila saa na nusu humshikilia mtoto vizuri kuliko sahani moja kubwa.

Kwa watoto wanaofunga Ramadhani na kufanya mazoezi usiku, mantiki ni hiyohiyo: juisi, uji, tambi na kaimati kwa pamoja, kisha mbio saa moja baadaye, ni kichomi cha uhakika. Tende na maji kwanza, mazoezi mepesi, kisha chakula kamili baada ya mazoezi. Au mazoezi yangoje saa tatu.

Kasi ya mwanzo, na mchakamchaka

Watoto huanza mbio kwa kasi ya mita 100 hata kama zimebaki 1400. Kiwiliwili kinajipinda kwa nguvu, pumzi inakuwa fupi na ya juu kifuani, misuli ya tumbo inakakamaa yote mara moja. Kichomi kikija dakika ya pili au ya tatu, tafuta kosa mstarini kabla ya kulitafuta tumboni.

Dakika 12 hadi 15 za kupasha mwili zinatosha: tano za kukimbia taratibu, tano za kunyoosha viungo kwa mwendo, yaani kuzungusha mabega, kupinda kiuno pande zote na kuinua magoti, kisha mikimbio minne ya mita 60 inayopanda kasi kidogo kidogo, ya mwisho ikikaribia kasi ya mbio. Kwenye mbio zenyewe, mzunguko wa kwanza wa mita 1500 usiwe wa haraka kuliko wastani wa mizunguko mingine kwa zaidi ya sekunde mbili au tatu. Mwalimu mwenye saa na filimbi anaweza kulifundisha hili kwa wiki tatu: mtoto akimbie mita 400 mara nne, kila moja kwa muda uleule, na kosa ni kuwahi kama ilivyo kuchelewa.

Mchakamchaka wa asubuhi una somo ambalo halitumiwi vya kutosha. Mtoto anayeweza kuimba na kuitikia wakati anakimbia yuko kwenye kasi ambayo pumzi yake inaimudu. Kuimba pia humlazimisha kutoa pumzi ndefu na kuvuta kwa haraka kutoka tumboni, na huko ndiko kupumua tunakotaka kwa mkimbiaji. Kwa mtoto anayesumbuliwa na kichomi kila siku, mbio zote nyepesi zifanywe kwa kasi ya kuimba mpaka wiki mbili zipite bila maumivu. Ndipo uongeze.

Mteremko huzidisha tatizo. Mtoto anayeshuka akijifunga breki kwa kisigino hulitikisa tumbo kila hatua. Hatua ziwe fupi na za haraka, mwili uinamie mbele kidogo kutoka kwenye vifundo vya miguu.

Mgongo

Mwaka 2010 watafiti walewale walionyesha kwamba watu wenye mgongo wa juu uliopinda mbele hupata kichomi zaidi, na kilicho kikali zaidi. Neva zinazohudumia ukuta wa tumbo zinatoka kwenye pingili za mgongo huo. Sasa mtazame mwanafunzi: begi zito linaloning'inia hadi makalioni, dawati fupi, saa sita za kuinama juu ya daftari, halafu saa kumi jioni anaambiwa akimbie.

Dakika nane kabla ya kila mazoezi zinaleta tofauti, mradi zisikatizwe. Kunja kanga au taulo liwe gogo nene kama mkono wa mtoto. Mtoto alale chali, gogo likiwa limekatiza chini ya mabega, magoti yamekunjwa, mikono kichwani. Akae hapo akipumua taratibu mara kumi, kisha gogo lishushwe upana wa vidole vinne, arudie. Baadaye apige magoti na kuweka viganja chini, mkono mmoja uende nyuma ya kichwa, azungushe kiwiko kuelekea juu macho yakikifuata, mara 8 kila upande. Makalio yasisogee; yakisogea, mgongo haujafanya kazi.

Kisha tumbo la ndani. Kuna dalili kwamba wakimbiaji wenye misuli imara ya ndani ya tumbo hupata kichomi kidogo. Planki ya viwiko, yaani kujiinua kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, sekunde 20 mara tatu, kiuno kisining'inie. Halafu alale chali, mikono na magoti juu, ashushe mkono wa kulia na mguu wa kushoto polepole akitoa pumzi, arudishe, abadilishe, mara 6 kila upande. Kifua kikiinuka kutoka sakafuni, ameshusha kupita uwezo wake. Zoezi la kukaa na kulala mara hamsini, lile linalopendwa sana shuleni, halisaidii hapa. Linaukunja mgongo zaidi.

Wakati wa kukimbia, tazama mikono. Ngumi zinazokatiza mbele ya kitovu zinakizungusha kiwiliwili bila sababu. Mikono iende mbele na nyuma, ngumi zikipita karibu na mfupa wa nyonga.

Kikishaanza

Katika mazoezi jibu ni rahisi: punguza mpaka kutembea. Mtoto ajaze tumbo hewa, si kifua, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobana, kama anayepuliza uji wa moto. Vidole vitatu vibonyeze pale panapouma wakati anatoa pumzi, viachie anapovuta, huku ameinama mbele kidogo. Pumzi sita hadi kumi hutosha wengi. Kikibaki, ainue mkono wa upande unaouma juu ya kichwa na kujipinda kuelekea upande mwingine, ahesabu hadi ishirini. Arudi kukimbia kwa kasi ya kuimba, na kikirudi mara ya pili siku hiyo, mazoezi yake yameisha.

Katika mbio hesabu ni nyingine. Kwenye mita 800 hakuna muda wa kufanya lolote zaidi ya pumzi ndefu. Kwenye 1500 na 3000, mtoto afundishwe mapema kupunguza kwa mita 100 tu, kwenye sehemu iliyonyooka, akibonyeza ubavu na kupuliza. Atapoteza sekunde nne au tano. Anayekaza meno na kung'ang'ania kasi huishia kuinama na kupoteza zaidi. Kuna pia mbinu ya kutoa pumzi wakati mguu wa upande usiouma unapogusa chini: kichomi cha kulia, pumzi itoke kwa mguu wa kushoto. Baadhi ya wakimbiaji huiona inawafaa, haina madhara, na inampa mtoto kitu cha kufikiria badala ya maumivu.

Mkanda mpana wa kitambaa nao husaidia. Watafiti wa New Zealand, Plunkett na Hopkins, walionyesha mwaka 1999 kwamba kukaza mkanda kiunoni hupunguza kichomi, kama vile kuinama na kupuliza kwa midomo iliyobana. Kipande cha kanga chenye upana wa kiganja, kilichofungwa mtoto akiwa ametoa pumzi, kinatosha kwa mazoezi. Kisibane mbavu.

Baada ya kichomi kikali, ubavu unaweza kubaki na uchungu kama wa kugongwa kwa siku moja au mbili. Hilo ni kawaida, ikiwa unapungua.

Daftari

Mtoto anayepata kichomi zaidi ya mara moja kwa wiki apewe daftari la kurasa 40. Kila siku ya mazoezi aandike: alikula nini na saa ngapi, alikunywa nini na kiasi gani, kichomi kilianza dakika ya ngapi, upande gani, kiliondoka kwa nini. Badilisha jambo moja tu kwa wiki. Ukiondoa glukosi, ukasogeza chakula na kuanzisha planki siku ileile, hutajua kilichomponya, na likirudi tatizo utaanza upya.

Wakati si kichomi

Kichomi cha mbio huja kwa mwendo na huondoka kwa kusimama. Ukweli huo mmoja ndio kipimo chako. Ukiacha ule uchungu kama wa kugongwa, maumivu yanayoendelea nusu saa baada ya mtoto kukaa, yanayomwamsha usiku, au yanayokuja bila kukimbia, si ya makala hii, na hayatibiwi uwanjani.

Homa na kikohozi pamoja na kuchoma wakati wa kuvuta pumzi ni kile kichomi cha bibi, nimonia, na mtoto aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Maumivu yanayoanzia kitovuni na kuhamia chini kulia, na mtoto hataki chakula, ni ya kufikiria kidole tumbo. Uvimbe kwenye kinena unaotokea akikimbia na kurudi akilala ni ngiri. Maumivu ya chini ya kitovu kwa msichana karibu na siku zake yana njia yake na hayahitaji kubonyezwa ubavu. Kifua kinachobana katikati, kizunguzungu au kuzimia wakati wa mbio ni dharura ya moyo mpaka daktari aseme vinginevyo. Sauti ya filimbi kifuani na kikohozi baada ya kila mbio ni dalili ya pumu.

Upande wa kushoto unataka uangalifu wa pekee huku kwetu. Malaria huvimbisha bandama, na kichocho cha utumbo kilichokaa muda mrefu, kama kilivyo kwenye vijiji vya pembeni mwa Ziwa Victoria, huvimbisha ini na bandama pia. Mtoto aliyerithi seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu anaweza kuwa mzima siku zote, asijue kabisa, lakini akipelekwa kutoka pwani au ziwani hadi kambi ya nyanda za juu, kama Iten iliyo kwenye takriban mita 2400, na kukimbizwa kwa nguvu siku za kwanza, bandama yake inaweza kukosa damu. Maumivu hayo ni makali, yako juu kushoto, na hayaondoki kwa kusimama wala kwa kupuliza. Hospitali, na daktari aambiwe mtoto ametoka wapi na lini.

Bandama nzima hujificha chini ya mbavu na haishikiki kwa vidole. Iliyovimba kwa malaria huteremka chini ya mbavu, na inaweza kupasuka kwa kuanguka au kugongwa kiwiko kwenye msongamano wa mwanzo wa mbio. Mtoto aliyetoka kuugua malaria harudi uwanjani kwa sababu homa imeshuka. Anarudi baada ya daktari kumpapasa tumbo na kuthibitisha kwamba bandama imerudi mahali pake.